Neno "by" lina maana ngapi? Jibu kwa msomaji anayejifunza kutafsiri

Swali: "Shikamoo mwalimu. Najifunza kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Shuleni nilifundishwa kwamba 'by' ni 'na', kama katika 'alipigwa na'. Juzi nimepewa tangazo lenye sentensi hii: 'Applications must be submitted by the applicant by email by Monday.' Ni 'by' tatu katika mstari mmoja, na hakuna hata mbili zinazofanana. Nikafungua kamusi, nikakuta maana zimejaa ukurasa mzima, nikazidi kuchanganyikiwa. Je, hili ni neno moja au ni maneno mengi yanayoandikwa sawa? Na nifanyeje nisikosee?"

Marahaba. Swali lako limenigusa, maana ndilo nililopaswa kuuliza nilipoanza kazi hii. Sikuuliza, nikakosea, na kosa langu likawaumiza watu wasiohusika. Nitalieleza nikifika mahali pake.

Kwanza, ni neno moja. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "bi", na kazi yake kubwa ilikuwa ya mahali: kando ya, karibu na, ubavuni mwa. Ndugu zake bado wapo. Wajerumani wana "bei" na Waholanzi wana "bij", na huko maneno hayo hayajaondoka sana kwenye habari za ukaribu. Mjerumani akitaka kumtaja aliyetenda jambo hutumia neno jingine kabisa, na Mholanzi vilevile. Kiingereza ndicho kilichoendelea kulitwisha "by" mzigo juu ya mzigo, hadi likafika hapo ulipolikuta.

Maana ile ya kale haijafa. "Sit by me" ni kaa kando yangu. "A house by the river" ni nyumba iliyo ukingoni mwa mto. Hata "beside" ni "by" hiyohiyo iliyounganishwa na neno la ubavu. Ukishalijua hili, maana nyingine zinaanza kuonekana kama watoto wa mama mmoja. Unayepita kando ya kitu, "you walk by". Unayesafiri kwa kupitia baharini, "you go by sea". Kilichokuwa ukaribu kimekuwa njia, na njia ikawa namna ya kufanya jambo: "by hand", kwa mkono, "by force", kwa nguvu, "by working hard", kwa kufanya kazi kwa bidii. Kutoka kwenye namna hadi kwenye mtendaji hapakubaki hatua ndefu.

Nataka uitazame hatua hiyo ya mwisho kwa makini, kwa sababu inageuza kile ulichofundishwa. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 inasema Yesu alikwenda nyikani "to be tempted of the devil". Si "by", ni "of". Leo Mwingereza angeandika "by the devil" bila kufikiri mara mbili, lakini wakati ule maneno hayo mawili yalikuwa bado yanagombea nafasi ya kumtaja mtendaji. Kwa hiyo ile maana ya "na" uliyopewa shuleni kama ndiyo maana yenyewe ya neno, ni mojawapo ya zile zilizochelewa kushika mahali pake. Walimu huanza nayo kwa sababu sentensi za kutendwa ziko kwenye mtihani. Siwalaumu, ila wanafunzi hutoka darasani na funguo moja wakidhani milango yote ni ileile.

Sasa habari njema: Kiswahili kimeshakufanyia nusu ya kazi. Pale Kiingereza kinaporundika, sisi tunatenganisha. Mtendaji tunampa "na", chombo na njia tunavipa "kwa". Alikatwa na mwenzake kwa kisu. Chukua jiwe uone tofauti ilivyo kali. "He was hit by a stone" maana yake alipigwa na jiwe: limeporomoka lenyewe kutoka juu, hakuna mtu tunayemshuku. "He was hit with a stone" maana yake alipigwa kwa jiwe: kuna mkono ulioliokota na kulirusha. Katika taarifa ya polisi sentensi hizo mbili ni kesi mbili tofauti, na Kiswahili kinazitofautisha kwa silabi moja. Ukitafsiri ya pili kwa "na" umemfuta mtuhumiwa.

Nikiwa hapo kwenye "kwa", kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Neno "because" lilianza kama maneno mawili, "by cause". Sasa lisome kwa Kiswahili: kwa sababu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, kila moja kwa wakati wake, zimeshona kiungo kilekile kwa kitambaa kilekile. "By" hiyo pia imejificha mwanzoni mwa "before", "behind", "below" na "between", imefupishwa tu mpaka haitambuliki. Kuna na "by heart", kukijua kitu kwa moyo, ambayo tunayo vilevile. Ingawa mimi nikipata nafasi huandika "kwa ghibu", neno zuri ambalo linaanza kusahaulika.

Tuje kwenye wakati, mahali ambapo watafsiri wengi huanguka na ambapo mimi nilianguka.

Miaka mingi iliyopita nilipewa tangazo la taasisi moja lililokuwa likienda kwa watu waliokuwa wakisubiri malipo yao. Sentensi ilikuwa fupi: "Payment will be made by the 15th." Nikaandika, "Malipo yatafanywa hadi tarehe 15." Nikaona imekaa sawa, nikaikabidhi. Isome tena kama angeisoma mtu anayesubiri fedha. "Hadi tarehe 15" inamwambia kwamba malipo yameshaanza au yanaanza sasa, na dirisha litafungwa tarehe 15, ukichelewa umekosa. Watu walikuja mapema, wengine kutoka mbali, wakapanga foleni siku za mwanzo wa mwezi. Hapakuwa na fedha. Tangazo la Kiingereza lilikuwa limeahidi kitu kingine: kwamba siku moja isiyotajwa, isiyozidi tarehe 15, malipo yatatolewa. Hakuna aliyetakiwa kukimbilia popote. Niliwaona baadhi yao wakirudi na ile karatasi mkononi, na maneno yaliyokuwa yamewaleta yalikuwa yangu.

Kosa lilikuwa hapa. Neno letu "hadi", pamoja na ndugu yake "mpaka", linachora mstari: jambo linaendelea, linaendelea, kisha linakoma. Hiyo ni "until". "By" ya wakati haichori mstari, inaweka ukuta. Inasema jambo litatokea mara moja tu, wakati wowote upande huu wa ukuta, na ukuta ukifika liwe limeshatokea. "I will stay until Friday": nitakaa hadi Ijumaa. "I will finish by Friday": ikifika Ijumaa nitakuwa nimemaliza. Kukaa kunaendelea siku zote hizo. Kumaliza ni tukio moja.

Jaribu na mlango wa ofisi. "The office will be closed until six" maana yake sasa imefungwa na itafunguliwa saa kumi na mbili. "The office will be closed by six" maana yake sasa iko wazi, na ikifika saa kumi na mbili utaikuta imeshafungwa. Ni kinyume kabisa. Ukiandika "ofisi itafungwa hadi saa kumi na mbili" kwa sentensi ya pili, umewaambia watu wasije katika saa zilezile walizotakiwa kuja.

Basi tuandike nini? Katika mipango na hotuba tumezoea "ifikapo", na ni neno sahihi. Malengo 17 ya maendeleo ambayo Umoja wa Mataifa uliyapitisha mwaka 2015 yamejaa "by 2030", na Kiswahili chake ni "ifikapo mwaka 2030". Kwenye mazungumzo ya kawaida "ikifika" inatosha. Lakini tangazo lenye siku ya mwisho halihitaji kufuata umbo la Kiingereza hata kidogo. Sema "mwisho wa kupokea maombi ni Jumatatu", au "yasipite Jumatatu". Msomaji wetu analielewa hilo mara moja, bila kulirudia.

Jihadhari pia na "kabla ya". Wengi huikimbilia kwa kuwa inaonekana salama, nayo inaiba siku. Akiandikiwa "by Monday", anayeleta fomu siku yenyewe ya Jumatatu kwa kawaida yuko ndani ya muda. "Kabla ya Jumatatu" inamfungia mlango Jumapili ikiisha. Wanasheria wa Kiingereza wanajua kwamba "by" inaweza kuleta ubishi juu ya siku hiyo ya mwisho, ndiyo maana katika mikataba huandika "on or before", yaani siku hiyo au kabla yake. Ukikutana na "by" tupu kwenye hati inayogusa fedha au haki ya mtu, usikisie. Muulize aliyeiandika siku hiyo inahesabika au haihesabiki, na kama inahesabika, mpaka saa ngapi.

"By the time" nayo hufuata ukuta huohuo, na wenzake ni "-mesha-" au "-lisha-": "By the time you arrive, we will have left", utakapofika tutakuwa tumeshaondoka. Ukimwona Mwingereza ameiweka "by" karibu na tendo lililokamilika namna hiyo, ujue anazungumzia wakati.

Kwenye namba mambo ni mepesi zaidi, mradi usilale. Tuseme darasa lina wanafunzi 100. "The number fell by 20": wamepungua kwa 20, wamebaki 80. "The number fell to 20": wamepungua hadi 20, yaani 80 wameondoka. Kiswahili kina jozi yake kamili hapa, "kwa" na "hadi", na bado nakutana na habari zilizoandikwa haraka ambazo zimeyabadilisha maneno hayo. Ukikutana na asilimia, chukua kalamu na upige hesabu kabla ya kuandika. Vipimo vyenyewe havina taabu: chumba cha mita 3 kwa 4, ubao wa mbili kwa nne, 12 gawanya kwa 3. Kila mahali ni "by" kwao na "kwa" kwetu.

Nikupe zoezi dogo ambalo huwapa wanaoanza. Chukua neno "day" peke yake. "Owls sleep by day": bundi hulala mchana. Hapa "by" haiweki ukuta wowote, inataja kipindi tu. "She is paid by the day": hulipwa kwa siku, kipimo cha malipo ni siku. "He is getting better day by day": anapata nafuu siku hadi siku. "By that day": ikifika siku hiyo. Neno ni lilelile, na kinachobadilika ni kijineno kilichotangulia "day" au mahali "by" ilipokaa. Usipuuze "the". Ikiwepo au isipokuwepo, kazi inabadilika: "by car" ni kwa gari, gari lolote, ni namna ya kusafiri, "by the car" ni kando ya lile gari.

Hapo ndipo Kiingereza chenyewe hukwama. "The old man was killed by the river." Mto ulimuua, au aliuawa ukingoni mwa mto? Sentensi inakubali zote mbili, na hakuna sarufi itakayokuokoa. "The boy was found by his uncle" ina shida hiyohiyo: mjomba ndiye aliyempata, au mtoto alikutwa akiwa pembeni ya mjomba? Kiswahili hakikuruhusu kubaki katikati. Lazima uchague "na" au uchague "kando ya", na ukichagua vibaya umetunga habari mpya. Soma aya iliyotangulia na inayofuata. Kama mto ulifurika mistari mitatu juu, unalo jibu. Kama hakuna kitu, rudi kwa mwandishi. Mtafsiri anayeuliza haonekani mjinga mbele ya mtu anayejua thamani ya kazi yake.

Kuna matumizi mengine nitayapitia upesi. "A book by" fulani ni kitabu cha fulani, au kilichoandikwa na fulani. Usilazimishe "na" bila kitenzi. "Two sons by his first wife", ambayo utaiona sana kwenye hati za mirathi, ni watoto wawili wa kiume aliozaa na mke wa kwanza. "By myself" ni peke yangu. "By law" ni kisheria. "By the way" si "kwa njia". Ni pale unapochomekea jambo, "halafu", "kabla sijasahau". "By all means" si "kwa njia zote", bali ni ruhusa ya moyo mkunjufu: bila shaka, karibu. "By no means" ni hata kidogo. "By and large" ni kwa jumla, na yenyewe ina historia ya bahari: mabaharia wa Kiingereza walisema chombo kinakwenda "by" kinapokaribiana na upepo unaokikabili, na "large" upepo unapokisukuma kwa nafuu. Chombo kilichofaa pande zote mbili kilifaa kwa ujumla wake. Mabaharia wetu wana neno lao kwa kazi ile ya kwanza, kubisha, na nalitamani lisikike zaidi nje ya bahari.

Uliuliza kama ni maneno mengi yaliyoandikwa sawa. Nimesema ni moja, lakini wapo wageni wawili wanaofanana nalo na si jamaa zake. Wa kwanza ni "bye" ya kuagana. Hiyo ni mabaki ya sala, "God be with ye", Mungu awe nanyi, iliyosagwa na ulimi hadi ikawa "goodbye", kisha "bye". Wa pili anavutia zaidi. Mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuna miji kama Derby, Whitby na Grimsby. Hiyo "by" ya mwishoni ililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia huko kuanzia karne ya 9; katika lugha yao ilikuwa na maana ya shamba au kijiji. Neno hilohilo ndilo linalodhaniwa kuwa ndani ya "bylaw". Basi sheria ndogo haikuitwa hivyo kwa kuwa iko kando ya sheria kubwa, kama wengi wanavyodhani, bali kwa kuwa ilikuwa sheria ya kijiji, iliyotungwa na wakazi kwa ajili ya wakazi.

Wengine huniuliza kuhusu "bi" ya Kiarabu, ile iliyomo katika "bismillahi", ambayo nayo ni "kwa": kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sauti zinakaribiana na maana zinakaribiana, lakini Kiarabu na Kiingereza ni familia mbili tofauti za lugha, na mfanano huo ni wa bahati tu. Nautaja kwa sababu unasaidia kumbukumbu, si kwa sababu unathibitisha undugu.

Sasa, ufanyeje usikosee? Mimi nimeacha kulitazama "by" lenyewe. Natazama kinachofuata baada yake. Kikifuata kitu chenye uwezo wa kutenda, na nyuma kuna kitenzi cha kutendwa, naanza na "na". Kikifuata chombo, njia, kipimo au tendo, naanza na "kwa". Kikifuata kitu kisichohama, mto, mlango, ukuta, nauliza kama ni mahali. Kikifuata saa au tarehe, nasimama kabisa, na wala simruhusu "hadi" aingie mpaka nijiridhishe kwamba tendo ni la kuendelea. Nasema "naanza na" kwa sababu mara nyingine sentensi nzuri ya Kiswahili haihitaji kiungo chochote mahali pale, na hapo nakiacha.

Turudi kwenye tangazo lako. "By the applicant": mtendaji. "By email": njia. "By Monday": ukuta. Ukifuata mpangilio wa Kiingereza utapata "Maombi lazima yawasilishwe na mwombaji kwa barua pepe ifikapo Jumatatu". Haina kosa, na mkaguzi ataipitisha. Mimi ningeandika: "Mwombaji atume maombi yake mwenyewe kwa barua pepe. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu." Ile "mwenyewe" nimeiongeza kwa makusudi. Mwandishi asingehangaika kumtaja mwombaji, wakati kila mtu anajua nani hutuma maombi, kama hakutaka kuzuia watu kutuma maombi kwa niaba ya wengine. Kabla hujakabidhi, mpigie aliyekupa kazi umuulize mambo mawili: kama ndivyo alivyokusudia, na Jumatatu hiyo inafungwa saa ngapi.